Mtama Ulioomba Msamaha

Hapo zamani za kale, wanangu, fisi walipokuwa bado wanavaa kofia za kazi, nchi ya Bwawani ilitawaliwa na Kiboko.

Siku moja Mama Tunu, digidigi mwembamba mwenye macho makubwa, alisimama mbele ya baraza.

"Wazee wangu, leo ni siku ya tisa Baba Tunu hajarudi. Alisema Mtukufu Kiboko anayachafua maji ya bwawa anapooga. Kosa lake hilo tu! Askari wakambeba. Yumo kwenye lile pango la kilimani. Nilipita, nikasikia sauti yake."

Kiboko akakoroma, khorrr! Aliyejibu ni Fisi, msemaji wa serikali, kofia kichwani, tumbo mbele.

"Pango? Lile ni ghala la mtama wa serikali. Mtama, jamani! Mama huyu ametumwa na wale wa ng'ambo ya mto, wanaotuonea wivu."

Baraza likagawanyika.

"Mama Tunu hajawahi kusema uongo," alisema Kobe.

"Wapi!" akadakia Nyumbu. "Juzi aliniambia mumewe alikamatwa asubuhi. Jana akakwambia wewe ni adhuhuri. Ushahidi gani huo?"

"Kwani wewe mkeo akichukuliwa, utaanza kuangalia jua?"

"Basi alete shahidi!"

"Shahidi si ndiye waliyemfungia?"

"Wee Kobe, usiitukane serikali!"

Kelele juu ya kelele, na Mama Tunu katikati, machozi yakimdondoka. Mara, chapu! Nguchiro, kajitu kadogo kenye mkia mrefu, akaruka juu ya jiwe.

"Mimi naiamini serikali," akasema.

Mama Tunu akamtazama kama aliyechomwa mwiba. "Hata wewe, shemeji?"

"Hata mimi, shemeji. Serikali ikisema mtama, ni mtama. Bwana Fisi, ni mwingi?"

"Tele! Umejaa hadi mlangoni."

"Mwekundu au mweupe?"

"Mwe... mwekundu."

"Na hakuna kiumbe ndani?"

"Hata panya!"

"Alhamdulillahi! Mmeshaufukiza?"

Fisi akapepesa macho. "Kuufukiza?"

"Mvua ni wiki ijayo, bwana mkubwa. Bwawani nzima, kila nyumba imeshafukiza ghala lake kwa moshi wa pilipili, fukusi wasiingie. Leo mtama wa serikali uliwe na wadudu? Aibu! Jamani, twendeni tukaisaidie serikali yetu!"

"Twendeni!" Nyumbu akatangulia, maana alipenda sana kuisaidia serikali.

Fisi angesema nini? Akikataa, mtama si mtama. Akajikokota nyuma, mkia katikati ya miguu. Kiboko naye akafuata, puu, puu, puu.

Kufika pangoni, Nguchiro akarundika pilipili kavu mlangoni, akapaza sauti kama mnadi.

"Gunia zima, ndugu zangu! Pilipili kichaa! Anayevuta moshi huu, mapafu hutokea puani. Bahati nzuri ndani hamna mtu. Haya, nawasha! Moja... mbili..."

"Ngojeni!"

Gong! gong! gong! Mlango ukapigwa kutoka ndani.

"Nisameheni, msiwashe! Ni mimi Ngiri, mlinzi! Nina wafungwa sita humu, na dirisha hatuna!"

Wote wakamgeukia Fisi.

"Bwana Fisi," alisema Nyumbu polepole, "mtama wako unaitwa Ngiri?"

Mlango ukafunguka, kwaa! Akatoka Ngiri mbio, wakafuata wafungwa sita. Wa mwisho alikuwa Baba Tunu, amekonda, anachechemea, jua likimuumiza macho. Mama Tunu akamkimbilia. Alimlamba shingo pale kamba ilipomchubua.

Nyumbu akainamisha pembe. "Mama Tunu, nisamehe. Nilihesabu saa zako, sikuhesabu siku zake."

Kobe akamgeukia Nguchiro. "Na wewe! Ungewachoma kweli?"

"Kwa moto upi, mzee?" Nguchiro akacheka. "Kuna aliyeniona na moto?"

Wote wakatazama. Hata cheche haikuwapo. Walipogeuka kumtafuta Kiboko, walisikia tu chubwi! bwawani, na kofia ya Fisi ilikuwa imebaki njiani peke yake.

Basi wanangu, serikali ikikana shutuma, msikae kupima machozi ya mlalamikaji. Ombeni mlango ufunguliwe.