Chumvi ya Chui wa Ziwani

Hapo kale sana, watoto wangu, katika nchi ya Meksiko, sungura walikuwa na mji wao mlimani, Tlaskala. Chini, kando ya ziwa la chumvi, walikaa chui, nao walitaka kila mnyama awatumikie. Sungura walipokataa, chui wakafunga njia zote. Hata chembe ya chumvi haikupanda mlimani.

Mwaka ukapita. Watoto wa sungura wakawa wanalamba mawe, wanajikuna, kwaru, kwaru, hawatulii.

"Papan, tuwatumikie tu," sungura mmoja akamwambia mama jirani yake. "Mwanangu hasimami tena."

"Wangu pia." Papan akazunguka uani mara tatu, masikio yakimcheza. "Ningojee mpaka jioni."

Akashuka mbio, tiki tiki tiki, mpaka kwa Tekuani, mkuu wa chui.

"Shikamoo, mzee. Sungura tunatangaza vita."

Chui wakacheka mpaka masharubu yakalowa machozi.

"Vita na nani, wewe mkia wa pamba?"

"Na ninyi. Ila desturi yenu naijua. Kabla ya vita humpelekea adui ngao, asije mtu akasema mlimpiga mnyonge."

"Ndivyo. Sisi si wahuni. Ngao mtapata."

"Tutazibebaje, mzee? Mwaka mzima hatujaonja chumvi, magoti yanagongana. Kesho tai, wale wapeleka habari, watatangaza katika kila mlima: chui wamewashinda wagonjwa."

Tekuani akaacha kucheka. Mkia wake ukapiga chini, pu, pu.

"Wapelekeeni mizigo ishirini ya chumvi," akanguruma. "Na siku ya vita?"

"Anayetangaza ndiye anayechagua. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo."

Chumvi ikapanda mlimani, tena migongoni mwa chui wenyewe. Watoto wakala maharage, wakaomba mengine. Huko ziwani chui walinoa kucha kila asubuhi, wakiulizana, "Ni leo?" Mwishowe Tekuani akashindwa kungoja, akapanda mwenyewe.

"Papan, siku gani?"

"Siku chumvi itakapokwisha, mzee. Imebaki kidogo tu. Lakini ikiisha tutaugua tena, na ninyi hampigani na wagonjwa."

Tekuani akainua macho. Juu ya mti, tai alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Mizigo mingapi?" Tekuani akauliza kwa sauti ndogo.

Basi wanangu, anayependa kusifiwa kupita kiasi, hata aliye mdogo atamwongoza apendavyo.