Tundu Alilojengewa Kinyonga

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ya wagonjwa. Itikeni kama mmekula. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Kaeni vizuri, maana hii hakuna anayeijua kama mimi.

Hapo zamani za kale, babu wa babu yenu hajajua hata kujikuna, palikuwa na Nyani, bwana wa majigambo. Siku moja akamkuta Kinyonga kichakani. Nyap! Akamtia mtungini, akamwekea bakuli la maji, akafunika. Kisha akapita kila mlango akitangaza: siku ya ngoma ya mavuno, njooni mwone mfugo wangu unavyogeuka rangi.

Mtungini giza. Mtungini joto. Kinyonga akawa mweusi, mweusi kama masizi ya chungu. Bakuli hakuligusa. Ukoo wao hawanywi bakulini, wanaramba matone juu ya jani. Kiu ikamkaba. Akajua akibaki humo atakufa. Akajua pia akilia, Nyani atafurahi. Hakulia.

Nyani akafunua, akamwamuru awe kijani. Kinyonga akamtazama kwa jicho moja. Jicho la pili likatazama nje.

"Sigeuki, mjomba."

"Usipogeuka mbele ya wageni wangu, nampa Kipanga akutafune."

"Mpe. Utawaonyesha wageni mtungi mtupu."

Nyani akajikuna kichwa, kri, kri. Aibu aliiogopa kuliko chui. Akauliza, midomo imemvimba, huyo bwana mkubwa anataka nyumba gani.

Kinyonga akataja. Nyumba ndefu ya kwenda juu, maana yeye ni wa kupanda. Nyani akachimbia fito, ko, ko, ko. Akataka mti ndani. Nyani akazihamisha fito, akazungushia mpera mzima. Akataka upepo. Nyani akazitanua fito. Akataka jua la asubuhi na umande wa kuramba. Nyani akang'oa paa, huku akinung'unika, mfugo gani huu wenye masharti kuliko mkwe. Kila sharti likitimizwa, Kinyonga alimtolea rangi kidogo, kama anayemtupia mbwa mfupa.

Akanywa. Akapata nguvu. Lakini Nyani hakubanduka chini ya mpera, macho kodo, na Kinyonga mbio hana.

Siku ya ngoma wakaja wote, wakajaa kiwanjani. Kinyonga akaanza kutembea juu ya tawi. Hatua, akayumba. Kijani. Hatua, akayumba. Manjano. Wageni wakashangilia. Tawi likamfikisha kwenye ufito, ufito ukamshusha nje.

Nyani akaruka amkamate. Bi Kanga akamdaka mkia.

"Keti, baba. Unatuzibia. Si ndicho ulichotuitia?"

Nyani akalia kwamba Kinyonga anatoroka. Wageni wakacheka, kwi kwi kwi. Nani amewahi kutoroka kwa mwendo huo? Wakamkalisha.

Kinyonga akakata kiwanja katikati. Hatua, akayumba. Buluu. Hatua, akayumba. Kahawia. Hakuharakisha hata kidogo. Alipofika kichakani, akageuza jicho moja nyuma.

"Tundu ni zuri, mjomba. Hamia."

Basi, mkubwa kwa mdogo, na wewe unayesinzia hapo nyuma: aliyekufungia akikuuliza unataka nini, usione haya, taja. Na njia ikifunguka, toka kwa mwendo wako, wakuone.

Hadithi yangu imekomea hapo. Asiyeridhika akamuulize Nyani, bado anashikilia fito.