Kamba ya Ndama wa Mawingu

Sogeeni karibu. Aliyeshiba asikilize, mwenye njaa asikilize mara mbili.

Huko Usukumani, Mzee Shigela alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nyanzala, wa kwanza, alisikia nyasi zikiongea. Luhende aliota ndoto zisizodanganya. Minza, kitinda mimba, alinusa kesho kama wewe unavyonusa mchuzi wa jirani. Zizini walikuwa na fahali wawili na ng'ombe jike mwenye mimba, jina lake Mawingu.

Mwaka ule mvua ilianza vizuri, nyasi zikafika kiunoni. Nyanzala akalala kifudifudi malishoni, akasikia zikinong'ona: "Tufiche." Basi akazungushia miiba eneo zima likawa ngitili, malisho ya akiba yasiyoguswa hadi kiangazi. Hata Mawingu akikaribia, Nyanzala alimfukuza. Majirani wakacheka: "Dada, unamwekea nani, upepo?"

Luhende naye akaota ng'ombe watatu wakinywa kibuyu kimoja, na kila wakinywa wanapungua, mpaka yakabaki masikio yakielea. Akamwendea baba yake. "Baba, fahali waende wangali wanono. Tuwabadilishe kwa mtama." Mzee alisusa chakula siku mbili, maana fahali wale ndio waliomfanya aitwe mzee. Mwishowe akawatoa. Majirani walibaki na mifugo yao yote, na baadaye wakabaki na ngozi.

Baada ya mavuno kila mtu akachoma mabua shambani, kama kawaida. Minza alinusa moshi, akalia. "Mnaunguza chakula," alisema. Ya kwao hakukubali yachomwe. Aliyabeba kichwani mzigo kwa mzigo, akayapanga juu ya uchanja hadi shingo ikamvimba.

Kisha mvua ikakata. Siku zikawa nyeupe, ndefu, hazina mlio wa ndege. Mzee Shigela akapapasa mbavu za Mawingu, akasema mbele ya watu: "Akizaa jike, ndama ni wa aliyemwokoa mama yake." Ahadi ni deni.

Mawingu alikula ngitili peke yake. Kwa midomo mitatu isingefika popote. Watu walikula mtama, hakuna aliyemtazama Mawingu akaona nyama. Ngitili ilipokwisha, yakaja mabua yaliyolowekwa maji ya chumvi, yakamfikisha mpaka asubuhi ya mvua ya kwanza. Asubuhi hiyo akazaa. Jike, jeupe kama tui.

"Bila majani yangu angekufa mapema," alisema Nyanzala.

"Bila mimi majani yako yangeliwa na fahali, dada," alisema Luhende.

Minza alikuwa amemkumbatia ndama. "Majani yalipokwisha na Mawingu akaanguka, nani alimwinua kwa mabua?"

Mzee aliwapenda wote watatu, na moyo ukamuuma. Ndama hagawanyiki. Nje ya zizi majirani walikuwa wamejaa, mazizi yao matupu. Mmoja akasema, "Amua, mzee. Utakayempa, ndiye tutakayemwiga mwaka ujao."

Hapo mzee akaikaza kamba aliyomfunga ndama shingoni. Akimpa mmoja, kijiji kizima kitaweka akiba ya malisho na kusahau kupunguza mifugo, au kitapunguza mifugo na kuchoma mabua. Na mawingu ya mwaka ujao nani anayajua?

Kamba bado ameishika. Ndama amesimama, miguu inayumba, anataka kwenda. Wewe uliyenyamaza hapo, je, ungemkabidhi nani?