Mwaridi wa Kidawa

Sogeeni, na mwenye kucheka mapema atoke nje. Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Ngwali, tumbo lake likimtangulia mlangoni, mwenye bustani ya miwaridi mia. Mmoja aliung'oa kwa jirani yake Kidawa, mfunga vikuba, vishada vya maua ya kujipamba wanawake, aliyekula kwa maua ya mti huo tu. Kidawa alipokuja kuudai, alikuta miwaridi yote imepogolewa, haina ua hata moja.

"Chagua wako," Bwana Ngwali alisema. "Ukikosea, utanifagilia nyumba mwaka mzima."

Kidawa alinusa shina baada ya shina, akashusha pumzi.

"Siuoni, Bwana. Na nashukuru."

"Unashukuru nini?"

"Ule una ugonjwa wa papa. Maua yake mapya hunuka papa mkavu, kisha huambukiza bustani nzima, kisha mwenye bustani. Marehemu mume wangu alianzia kwapani."

Bwana Ngwali alijinusa kwapa. Ijumaa alikuwa anamwoza binti yake.

"Huambukiza baada ya siku ngapi?"

"Saba."

Alihesabu kwa vidole siku tangu auchukue, akafika cha sita, akatimka. Aliipita miwaridi mingine yote, akapiga magoti na joho lake la hariri, akaung'oa mmoja kwa mikono na kuurusha ng'ambo ya ukuta.

"Umeangukia wapi?" aliuliza, akinusa viganja.

"Kwangu, Bwana," alisema Kidawa. "Shimo lake sikulifukia, na asubuhi nimelitia maji."