Herufi Tatu Mgongoni mwa Kijiko

Zamani, katika miji ya kwanza ya pwani ya Marekani, vijiko vya fedha havikuwa na herufi mgongoni. Mtu alipeleka sarafu zake kwa mfua fedha, naye akaziyeyusha, akazifua zikawa vijiko. Vya nyumba hii na vya nyumba ile vilifanana kama mapacha.

Yosia alikuwa mfua fedha wa mji mmoja wa huko. Merabu, mjane wa baharia, alimletea sarafu alizoachiwa na mumewe Eliabu, akafuliwa vijiko sita. Kila asubuhi alikunywa uji kwa kimojawapo, akamshukuru Mungu, akajiona hayuko peke yake.

Ilikuwa desturi, nyumba ikifiwa, majirani waiazime vijiko vya kuwalishia waombolezaji. Siku moja, alipozikwa mzee wa mtaa, Merabu alipeleka vyake vyote. Vikaoshwa katika beseni moja na vya wengine. Kuvitenganisha kukawashinda.

“Chukua vyovyote sita, dada Merabu,” alisema shemasi Obadia. “Mdomo utajuaje?”

“Wako haujui, kwa kuwa haupumziki! Mimi sitafuti fedha, shemasi. Namtafuta Eliabu wangu.”

Yosia, aliyekuwa miongoni mwa waombolezaji, alijua la kufanya, ila aliona haya. Hatimaye akavimwaga vijiko mezani, akavigeuza kifudifudi, akaipapasa migongo kwa kidole gumba. Akatenga sita.

“Hivi ndivyo vyako, dada. Nilivifua wiki niliyomzika Hulda, mke wangu. Mkono ulitetemeka, nyundo ikaacha makovu. Niliomba usiyaone.”

Merabu akayapapasa makovu, akacheka huku machozi yakimtoka.

Kesho yake Yosia alichonga herufi tatu mgongoni mwa kila kijiko: ya jina la ukoo juu, na chini yake ya Eliabu na ya Merabu, bega kwa bega.

“Lakini Eliabu ameshakwenda, Bwana Yosia.”

“Ametangulia tu. Mahali pake ni palepale.”

Alipobaki peke yake akachukua kijiko chake mwenyewe, akachonga herufi yake na ya Hulda chini ya ile ya ukoo. Jioni hiyo alikula akashiba, mara ya kwanza tangu msiba.

Na tangu siku hiyo vijiko vya fedha vya kule vikawa na herufi tatu, vikalazwa mezani kifudifudi ili zionekane. Mume au mke akifa, herufi yake haifutwi. Anayebaki hushukuru, akala, mwenzake akiwa mkononi.