Zimwi Lililolamba Uchungu

Ngano hiyo inakuja. Sogeeni, na mwenye kusinzia asinzie akisikiliza.

Paliondokea Mshamu, bingwa wa kulalamika. Alipochomwa na mwiba, zimwi likatoka kichakani. “Nikulambe, uchungu uishe?” Likamlamba mguu, uchungu ukaisha. Alipofiwa na mama yake, akaliita mwenyewe. Likamlamba kifua, kilio kikakatika.

Mkewe, Mwanashaha, akasema, “Baba Rehema, hilo linakuonja.”

“Ulimi wake unapoza, mama Rehema. Wako unaunguza.”

Mwanashaha akambeba mwanawe, akaondoka. Moyo ukamuuma Mshamu, akaliita mara ya tatu. Likamlamba mwili mzima. Hakuhisi kitu tena.

Ndipo zimwi likaketi, likaanza kumla kuanzia vidole vya miguu. Mshamu akalitazama kama mwenyeji anavyomtazama mgeni.

“Chumvi iko jikoni,” akasema.

Ngano yangu ikaliwa hapo, ikaisha.