Pete ya Bi Shufaa

Palikuwa na mama mkwe, na palikuwa na sufuria ya kaa wa nazi. Mama mkwe ni Bi Shufaa, tajiri wa Pangani, na amri yake ilijulikana mtaa mzima: mke wa mwanawe adonoe matonge mawili matatu, kisha aseme ameshiba. Akionekana analamba vidole, arudi kwao siku hiyo hiyo.

Siku moja walikuja wageni, akapika Salhina, bibi harusi wa mwanawe. Kaa walipopakuliwa, aliutazama mkono wake akapiga yowe.

“Mama! Ile pete ya dhahabu uliyonivisha haimo kidoleni! Na asubuhi nzima mikono yangu ilikuwa kwenye hawa kaa!”

“Pete ya marehemu mama yangu? Itafute!”

“Mbele ya wageni, mama? Si itabidi nivunje magando?”

“Vunja!”

“Na ikiwa imekwama ndani kabisa?”

“Nyonya!”

“Na mchuzi huu mzito, mama, vidole vyangu…”

“Lamba, mwanangu, lamba!”

Salhina akavunja, akanyonya, mchuzi ukamtiririka hadi viwikoni. Bi Shufaa alishindwa kungoja, naye akalivamia sinia la kaa.

Yalipobaki maganda matupu, Salhina alijipangusa, akafungua fundo la pindo la kanga yake, akaivaa pete.

“Kumbe niliifunga hapa kabla ya kupika, mama, isije ikaingia mchuzi.”

Bi Shufaa alitaka kumfukuza palepale, lakini kidole chake mwenyewe kilikuwa bado kinywani.